Barua kwa mwanangu kuhusu kigugumizi na sikukuu za mwisho wa mwaka

Mwanga, Kigoma
2 Desemba

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliupata Jumapili jioni, nikausoma mara tatu kabla ya kulala. Umeniuliza swali moja, nalo nalirudia hapa ili nisije nikajibu nisichoulizwa: utafanyaje na kigugumizi chako katika hizi wiki mbili za Krismasi na Mwaka Mpya, nyumba ikiwa imejaa watu na salamu hazikomi, na baba yako mkubwa akiwa amekwisha kukupangia usimame tarehe 26 mbele ya ukoo mzima, ujitambulishe na kutoa neno la shukrani kwa niaba ya vijana. Mwishoni ukaongeza kwamba umefikiria kubaki Dar es Salaam mwaka huu, ukataka kujua kama nitaona vibaya. Nimechagua kukujibu kwa barua badala ya kukupigia, kwa sababu kwenye simu mimi huwa na haraka, na haraka yangu ni sehemu ya jambo hili tunalolizungumza.

Nianze na hilo la kubaki. Sitaona vibaya, ila nitasikitika, na huzuni ya mama isikutawale katika jambo kama hili. Kama unataka kubaki kwa sababu kazi zimekuchosha, au nauli haitoshi, basi baki, tutaonana Pasaka. Lakini kama unabaki kwa sababu unaogopa kututia aibu, naomba unisikilize kwanza, kwa maana hofu hiyo hukuzaliwa nayo. Ulizaliwa na ulimi ambao ungekuja kukwama. Ile aibu tulikufundisha sisi, mimi nikiwa mwalimu wako wa kwanza.

Unajua kwamba kigugumizi chako kilianza ukiwa na miaka mitatu na miezi kadhaa, mara tu ulipoanza kuunganisha sentensi. Watu wa mtaani walikuja na sababu zao. Wapo waliosema ulitekenywa sana ungali mchanga, wapo waliosema nilikunyoa mapema kabla hujajua kusema, na mmoja alinishauri nikakukatishe udata chini ya ulimi, ushauri ambao namshukuru Mungu sikuufuata, kwa kuwa udata huweza kuharibu matamshi ya baadhi ya herufi lakini hauleti kigugumizi. Leo, baada ya kusoma yale uliyokuwa ukinitumia tangu uanze kuonana na mtaalamu wa tiba ya usemi huko Dar es Salaam, najua kwamba umri wa miaka miwili hadi mitano ndio umri ambao kigugumizi huanza kwa watoto wengi, duniani kote. Kwamba katika kila watoto 100 kiasi cha watano hukipitia, na wengi wao huachana nacho wenyewe. Na kwamba kwa watu wazima hubaki kiasi cha mmoja katika 100, wanaume wakiwa wengi kuliko wanawake. Najua pia kwamba hutembea katika damu. Kaka yake babu yako, yule aliyekuwa mvuvi, alikuwa nacho mpaka anazikwa, lakini sisi tulisema tu kwamba ni mtu wa maneno machache. Hakuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa na maneno mengi yaliyomkwama, na hakuna aliyemngojea.

Nataka nikukumbushe habari ya mawese, ingawa najua inakuuma, kwa sababu mimi imenifundisha kuliko yote niliyosoma. Ulikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nimekwisha kuosha migebuka, sufuria iko jikoni, nikakutuma dukani ukanunue mawese, nikakupa na chupa. Ulirudi na mafuta ya alizeti ndani ya chupa ile ile, na chenji pungufu, kwa kuwa alizeti ilikuwa na bei kubwa zaidi. Nilikugombeza mbele ya wageni. Nilikuuliza masikio yako yana nini, kisha nikakuuliza chenji umeipeleka wapi, na wewe ulisimama ukiitazama ile chupa, hukusema neno. Miaka kumi na mitatu baadaye ndipo uliponieleza: kulikuwa na wateja watatu nyuma yako, midomo yako ilifunga kwenye ile M na ikakataa kufunguka, mwenye duka akasema, "Sema basi, kijana, watu wanasubiri," na jicho lako likatua kwenye dumu la alizeti, ikakutoka A kwa wepesi. Ulipendelea kugombezwa na mama yako kuliko kusimama sekunde nyingine tano na ile M mbele ya watu watatu.

Sasa nikifikiria ni mara ngapi umefanya vile bila mimi kujua, nachoka kwa niaba yako. Stesheni ulikuwa husemi Kigoma, ulisema "mwisho wa reli", na kwa kuwa mji wetu watu huuita hivyo tangu zamani, karani alitabasamu akakukatia tiketi, akidhani una mbwembwe za ujana. Kumbe ilikuwa K. Umekuwa ukiishi kama mtu anayetembea juu ya mawe ya ufukweni gizani, kila hatua unapapasa kwanza, na kila neno unaliangalia kabla halijafika: hili litapita, lile halitapita, nitafute lingine. Mtu akikusikia anasema umezungumza vizuri leo. Hajui kazi uliyoifanya.

Ndiyo maana jibu langu kwa swali lako, mwanangu, si namna ya kukificha kigugumizi kwa wiki mbili. Nadhani ndicho ulichokuwa unakitafuta, na ningekuwa nacho pengine ningekupa, kwa udhaifu wa mama. Lakini kinachokuchosha sikukuu hadi sikukuu ni ile kazi ya kukificha, zaidi ya chenyewe. Njoo ukwame. Njoo ukwame mbele yetu, kwa sauti, kwenye neno unalolitaka na si kwenye neno lililo jirani yake, na utuachie sisi kazi ya kujifunza kusubiri, kazi ambayo tulipaswa kuifanya zamani.

Mume wa shangazi yako, yule wa Ujiji, ana dua anayoipenda, dua ya Nabii Musa katika Kurani, ambamo anamwomba Mola alifungue fundo la ulimi wake ili watu wafahamu kauli yake. Na sisi katika kitabu cha Kutoka tunasoma kwamba Musa alisema ulimi wake ni mzito, akapewa ndugu yake Haruni amsemee. Nimeyasikia masomo hayo maisha yangu yote, na ni mwaka huu tu nilipoona tofauti kati ya Haruni na mimi. Musa mwenyewe aliomba asemewe. Wewe hukuniomba. Mgeni alikuuliza unasoma darasa la ngapi, nikajibu mimi. Muuguzi alikuuliza unaumwa wapi, nikajibu mimi. Ulipokuwa katikati ya neno, nililimalizia, na mara nyingi nililimalizia vibaya, ukalazimika kuchagua kati ya kuanza upya au kukubali neno langu; na ulikubali, kwa heshima. Hilo nililiita upendo. Nakuomba unisamehe, na sikukuu hii ukiniona nimefungua mdomo kukusemea, ninyooshee mkono tu, nitanyamaza.

Tuje kwenye salamu, maana hapo ndipo ulipoandika kwa uchungu zaidi. Katika lugha yetu maneno mengi yana ndugu zake, na mtu mwenye kigugumizi anaweza kuhama kutoka neno moja hadi jingine, lakini shikamoo haina ndugu. Ni lazima iwe hiyo, ni lazima aanze mdogo, na ni lazima iwe mapema, kwa maana ukichelewa unahesabiwa huna adabu. Nyumba ikiwa na wazee thelathini, ni shikamoo thelathini kabla ya chai. Hodi nayo ni vivyo hivyo. Nakumbuka jirani yetu alivyokuja kulalamika kwamba amekukuta umesimama mlangoni kwake kimya, akadhani unasikiliza mambo ya watu ndani. Nawe ulikuwa unapambana na ile H mpaka machozi yalikuwa yanakulengalenga.

Wazee wetu, kwa kukuonea huruma, waliingia katika tabia ya kuitikia kabla hujamaliza. Ulikuwa ukishika tu mkono wa bibi yako, "Sh... sh...", naye anasema, "Marahaba, marahaba, mjukuu wangu." Alidhani anakupunguzia mzigo. Lakini mtoto ambaye salamu yake huitikiwa kabla haijatoka hujifunza kwamba sauti yake haihitajiki. Nimezungumza na bibi yako juu ya jambo hili wiki iliyopita, tukichambua dagaa barazani. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Kwa hiyo nilikuwa namnyang'anya?" Nikamwambia sote tulikuwa tunakunyang'anya. Atasubiri. Naye atawaambia wenzake wasubiri, na unajua neno la bibi yako katika ukoo huu lina uzito gani.

Kwa upande wako, nakushauri hivi, na upime kwa yale mtaalamu wako anayokufundisha. Mwendee mzee, mshike mkono kwa mikono yako miwili, inama kama ulivyolelewa, umtazame. Kufikia hapo adabu imekwisha kuonekana, hata kabla ya neno. Hakuna mzee wa Kigoma atakayekuona umemdharau. Kisha ianze ile shikamoo kwa wepesi, pumzi ikiwa imekwisha kuanza kutoka, ulimi usikaze. Ikikwama, usiisukume kwa nguvu za shingo na mabega kama ulivyozoea. Legeza hapo hapo ulipo, ivute taratibu itoke. Na ikiwa imetoka kwa kupasuka, unaweza kutulia, ukairudia tena kwa upole, si kwa ajili ya mzee, bali kwa ajili ya ulimi wako, uzoee njia laini. Hayo wewe ndiye uliyenieleza, nami nayarudisha kwako kwa sababu kwenye kelele za sikukuu mtu husahau hata anayoyajua. Na usiwasalimie wote kwa mkupuo mara unapoingia. Salimia wawili watatu, kaa, kunywa maji, kisha endelea. Waha hatujawahi kuwa watu wa kupita salamu mbio mbio, na hilo litakusaidia.

Kuna jambo moja la hatari ambalo huvaa nguo nzuri, nalo ni sifa. Unakumbuka Krismasi ya mwaka juzi: siku ya kwanza ulizungumza kwa wepesi, mjomba wako akakupiga bega akasema mbele ya watu wote, "Kijana amepona!" Tulishangilia, mimi nikiwa wa kwanza. Kesho yake hukufungua mdomo hadi jioni, nikadhani umeamka na malaria. Sasa naelewa. Tulikuwa tumekukabidhi cheo cha mtu aliyepona, na ukaona bora ukae kimya kuliko kukipoteza mbele yetu. Kigugumizi hupanda na kushuka. Leo chepesi, kesho kizito, na kuchoka kwa safari au kukosa usingizi hukizidisha, bila mtu kukosea chochote. Sitakuambia tena kwamba umeongea vizuri. Nitajibu ulichosema. Na wala sitakuambia "tulia, vuta pumzi, sema polepole", maneno niliyoyasema pengine mara elfu, nikidhani ni dawa, wakati kila mara yalikuwa yanakuambia kwamba ninachokisikia ni kukwama kwako na si habari yako.

Najua pia wapo watakaokuambia, kama walivyozoea, kwamba mbona kwenye kwaya huna shida. Na kweli, kwenye misa ya mkesha utaimba besi yako mwanzo hadi mwisho bila kukwama hata mara moja. Wanalitumia hilo kama ushahidi kwamba unajitakia. Waambie, au niachie niwaambie mimi, kwamba ni hivyo kwa karibu kila mwenye kigugumizi: katika wimbo mapigo yako tayari, sauti hurefushwa, na maneno hayatafutwi; na hata kusoma kwa pamoja na wengine, kama tunavyosali Baba Yetu, humwachia ulimi. Shida si kutamka herufi. Shida iko katika namna ubongo unavyopanga wakati wa kuanza na kuunganisha sauti pale mtu anaposema peke yake, maneno yake mwenyewe, kwa mtu anayemngoja. Si woga, ingawa woga huongeza. Si akili, wala si malezi, japokuwa malezi ndiyo yanayoamua kama mtoto ataona aibu.

Sasa tarehe 26. Nimekwenda kwa baba yako mkubwa, kwa sababu sikutaka kukushauri juu ya jambo ambalo limepangwa na mtu mwingine bila kumsikia. Alikuwa amekuweka wa mwisho, kwa heshima, kwamba mgeni wa mbali afunge shughuli. Nilimweleza kwamba kwa mtu kama wewe kukaa ukisubiri zamu huku watu wanasimama mmoja baada ya mwingine kuja upande wako, ndiko kunakoumiza kuliko kusema kwenyewe. Amekubali uwe wa kwanza au wa pili, utakavyotaka, na amesema wazi kwamba ukikataa hatakuwa na kinyongo. Kwa hiyo uko huru. Ila ukikataa, jiulize ni kuchoka au ni kuogopa. Ukiwa umechoka, pumzika. Ukiwa umeogopa, mimi nashauri useme, hata kama ni sentensi tatu.

Ukikubali, usiandike hotuba ya kukariri. Chukua mambo mawili tu, la shukrani kwa wazee na lile la kuchangia ada za watoto wa marehemu shangazi yako, kisha uyaseme kwa maneno yatakayokujia. Jina lako litakukwama, ulijue hilo mapema. Mtaalamu wako alikuambia, na nimesoma pia, kwamba jina la mtu mwenyewe ndilo neno gumu kwa wengi wenye hali hii, kwa kuwa halibadilishiki na anayeuliza hungoja jibu la papo hapo. Basi kabla ya jina, waambie: "Nina kigugumizi, kwa hiyo nitachukua muda kidogo, nanyi mtanisubiri." Usianze na samahani. Anayesema samahani anaungama kosa, na hapa hakuna kosa lililotendeka. Ukishasema hivyo, yale unayoogopa wasiyaone yatakuwa yameonekana tayari, na utabaki na kazi ya kusema tu. Mtu atakayecheka, na huenda akawepo mmoja wa wale vijana, mwache acheke. Bibi yako atakuwa ameketi nyuma yake.

Uliwahi kuniambia habari za Mfalme George wa Sita wa Uingereza, yule ambaye sura yake ilikuwa kwenye shilingi za zamani za Afrika Mashariki. Babu yako alibaki na moja, nami ninayo kwenye kikopo cha vifungo. Krismasi ya mwaka 1939, vita vikiwa vimeanza, alizungumza redioni moja kwa moja, akisikika katika makoloni yake yote, naye alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Hakuwa amepona. Alitua, akaendelea, akatua tena, na watu walimngoja. Nilipokuwa mtoto tuliiona sura ile kama sura ya mtu aliyeamuru nusu ya dunia. Sasa nikiitazama namwona mtu ambaye alikuwa akiihofia Krismasi, kama wewe.

Mambo madogo nitayapitia haraka. Usisafiri ukafika tarehe 24, fika tarehe 21 au 22, ili uwe na siku mbili za kulala kabla nyumba haijajaa; zaidi ya kilomita 1,200 za treni si mchezo, na umesema mwenyewe kwamba usingizi ukipungua ulimi nao unakaza. Chumba cha nyuma nimekuwekea wewe peke yako, nimewaambia wengine watalala sebuleni. Ukihitaji kuondoka katikati ya mazungumzo, toka, nenda ukatazame ziwa, rudi utakapotaka, hakuna atakayekuuliza. Simu za usiku wa Mwaka Mpya si lazima upige, ujumbe unatosha. Kuhusu pombe, najua vijana wanasema hulegeza ulimi. Iliwalegeza wengi mambo mengine pia, na kesho yake ulimi huwa mzito zaidi. Sitasema zaidi ya hapo, wewe ni mtu mzima.

Nilikuwa sijaamua kama nikuandikie hili linalofuata, kwa sababu sitaki uje kwa kubebeshwa. Mtoto wa dada yako ametimiza miaka minne, na tangu Septemba ameanza kurudia mwanzo wa maneno. "Bi-bi-bibi, na-na-nataka chai." Dada yako amelia sana. Huenda kitapita, kama kinavyopita kwa watoto wengi, na nimemwambia asimkatize, asimsahihishe, apunguze tu mwendo wake yeye mwenyewe anapozungumza naye, na amwache amalize. Nilijua la kumwambia kwa sababu yako. Lakini juzi mtoto alikwama kwenye jina lake mwenyewe alipoulizwa na fundi wa bomba, akaziba mdomo kwa kiganja, hivi, kama mtu aliyemwaga kitu. Ulikuwa ukifanya vile vile. Nilikuwa nimesimama na ndoo mkononi, nikahisi miaka ishirini na mitatu imerudi nyuma yangu.

Sikuombi umfundishe chochote. Hata usipozungumza naye juu ya kigugumizi, inatosha akuone mezani, mtu mzima, mwenye kazi na heshima yake, ukikwama kwenye mawese, ukaendelea mpaka mawese yakatoka, na meza nzima ikaendelea kula. Mimi sikuwahi kukupa picha kama hiyo ulipokuwa na umri wake. Kaka yake babu yako angeweza kukupa, lakini alikuwa amekwisha kunyamaza.

Ukiamua kuja, niandikie siku ya treni. Nitakuwa stesheni mapema, pale chini ya saa, na mtoto nitakuja naye. Usinikimbilie na kunikumbatia haraka ili kuikwepa salamu, kama ulivyofanya mwaka juzi, nililiona, sikusema. Nitakupa mkono, nami nitaisubiri shikamoo yako mpaka iishe, ndipo niitikie.

Mama yako